Fundi Cherehani wa Ukurasa wa Sita

Jumatatu, 3 Machi

Daftari langu, leo nimeaibishwa. Chuo cha ushonaji kimepata mkuu mpya, mama mwenye miwani ya kuning'inia shingoni. Cherehani arobaini za chuo kile nimezitunza mimi miaka kumi na moja, kila Alhamisi, na kopo langu la mafuta na bisibisi zangu tatu. Kaniita ofisini. Kiti hakunipa. Kasema mambo ya fundi kuja kwa sababu amezoea kuja yamekwisha. Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe 14, atatafuta mtandaoni kama watu wengine wote, atasoma habari za watatu wa mwanzo, atachagua mmoja. Nikamwambia, mama, mimi si huyu hapa mbele yako, wa nini kunitafuta? Akasema hilo ndilo tatizo lenyewe.

Kazi ni kazi, lakini kinachoniuma ni kingine, nakuambia wewe peke yako. Pale chuoni wasichana wananiita Mwalimu. Mimi niliyeishia darasa la saba! Nyumbani naitwa "hebu", barabarani "fundi, njoo". Pale nikipita na kopo langu wanainua vichwa wote: shikamoo, Mwalimu. Duniani kote ni pale tu.

Jioni nikaenda kwa mpwa wangu, binti wa marehemu dada yangu, mtu wa kompyuta. Miaka minne iliyopita alinitengenezea tovuti, nikamshukuru, nikaisahau. Tukatafuta "fundi cherehani". Ukurasa wa kwanza, mtu wa kwanza kabisa, Bobini!

Bobini, daftari! Nilimfundisha miaka minne. Jina hilo nilimpa mimi, maana kila siku alidondosha bobini, vile vigurudumu vya uzi wa chini, na kuzifuata chini ya meza kwa magoti. Leo anajiita Daktari wa Cherehani. Mimi nilipatikana ukurasa wa sita, chini ya mtu anayeuza cherehani iliyoungua.

Mpwa akanieleza. Mashine ya kutafuta inahesabu linki, yaani tovuti nyingine zinazomwelekeza msomaji kwako. Ukitajwa na wengi wanaoaminika, unapanda. Akaninyooshea kidole, mtoto niliyembeba mgongoni. Mjomba, linki hainunuliwi, haiibiwi, haipatikani kwa hila. Andika kitu kitakachomsaidia mtu, naye atawaelekeza wengine kwako kwa hiari yake. Nikamwambia mimi ni mcha Mungu, hila nitaijulia wapi?

Akauliza kama nimewahi kuufungua ukurasa wa Bobini, niusome. Sijaufungua wala sitaufungua. Nikiingia si nitahesabiwa mgeni wake? Nimpandishe kwa kidole changu mwenyewe? Akaanza kusema haiko hivyo. Nikaaga.

Jumanne, 4 Machi

Nimeandika! Mpwa alisema niandike ninachokijua mimi ambacho wengine hawakijui. Nimeandika "Sauti Saba za Cherehani Mgonjwa". Ndiyo elimu yangu yote hiyo. Mimi sifungui mashine kwanza, nasikiliza. Tak-tak kavu ni sindano iliyopinda. Mlio wa kipanya ni kiu ya mafuta. Mngurumo wa chini ni mkanda uliolegea. Mkwaruzo ni nyuzi zilizokwama kwenye meno yanayosukuma kitambaa. Kishindo kimoja kila mzunguko ni gurudumu lenye skrubu iliyolegea. Mtetemo wa kopo tupu ni nyumba ya bobini iliyovimba.

Hizo ni sita. Ya saba sikuiandika.

Ya saba si mlio hasa. Ni kama mashine inabana pumzi kidogo kabla ya kuruka mshono. Ilinichukua miaka tisa kuisikia. Binadamu niliyemwambia ni mmoja tu, tena kwa shida, mwaka niliovunjika mkono na kazi za chuo zikawa haziwezi kungoja. Mtu huyo alikuwa akitambaa chini ya meza kutafuta bobini.

Kwa hiyo mwisho nimeandika: "Sauti ya saba, njoo dukani." Fundi hasemi neno la mwisho. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha alikufa na lake.

Mpwa kasoma, kaguna. Kasema, Mjomba, umempikia mgeni ukamnyima kijiko. Nani atamwelekeza mwenzake kwenye kitu kisichokamilika? Nikamwambia aweke mtandaoni hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Machi

Siku nzima hakuna aliyenielekezea mtu. Hiari ya watu wa siku hizi ni ndogo.

Nimetengeneza mashine miaka thelathini. Sijawahi kukutana na mashine isiyokuwa na tundu la kutilia mafuta. Na hii ya kutafuta inalo. Ni kulipapasa tu.

Mchana nimeona kwenye tovuti ya gazeti tanzia ya fundi nguo mmoja, na chini yake wasomaji wanaandika rambirambi. Ninyamaze? Nimemwombea marehemu dakika tatu nzima, Mungu shahidi wangu, nimefumba macho na simu nimeiweka chini. Kisha nimeandika: "Poleni sana wafiwa. Bwana awatie nguvu. Ikiwa marehemu ameacha cherehani isiyofanya kazi, bonyezeni hapa."

Saa kumi mtoto wa marehemu akajibu. Baba ameacha cherehani nzima, kasema, na ameacha fimbo nzima vilevile. Leta anwani.

Nimefuta. Mpwa kaniambia hata kama ningeiacha, linki za kubandika chini ya maneno ya watu hazihesabiwi. Hazihesabiwi! Basi nimetukanwa bure.

Alhamisi, 6 Machi

Chuoni kama kawaida. Nimetilia mafuta mashine kumi na mbili, nimebadili sindano tano. Msichana mmoja kauliza, Mwalimu, ni kweli utaondoka? Nikamwambia akaze mkanda wake.

Kutoka pale nimepitia kwa katibu wa kanisa, anayeshughulika na tovuti ya kanisa letu. Mpwa alisema linki ya mahali panapoheshimika ina uzito. Pana heshima gani kuliko nyumba ya Mungu? Katibu kanikatalia. Biashara haiingii mle. Nikamwambia si biashara, ndugu yangu, ni kutajwa tu, miaka ishirini nimekaa benchi la tatu na sijawahi kutajwa. Macho yalinilenga machozi, na hayakuwa ya kuigiza. Labda kidogo. Katibu akalainika. Kasema atatafuta pa kuniweka.

Jumapili, 9 Machi

Ameniweka.

Tovuti ya kanisa ina kurasa tatu: saa za ibada, picha za kwaya, na wagonjwa wa kuombewa. Nimo kwenye wagonjwa. Kati ya bibi aliyevunjika nyonga na mzee wa figo, imeandikwa: "Fundi wetu wa cherehani. Bonyeza hapa."

Sikujua mpaka katikati ya ibada, mchungaji aliposoma orodha kutoka kwenye simu yake na kuniita mbele. Ningefanyaje, daftari? Nimwaibishe katibu mbele ya waumini? Nilikwenda. Nilikwenda polepole. Nilishika ukingo wa benchi. Nikawekewa mikono na wazee wanne. Mke wangu alibaki ameinamisha kichwa, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Watu walidhani analia.

Njiani kurudi kaniuliza naumwa nini. Nikamwambia ukurasa wa sita. Kasema hapo kuna maradhi kweli, lakini wale wazee wameweka mikono mahali sipo.

Nimeamua nisimsumbue katibu aitoe. Kuombewa hakumdhuru mtu. Na linki ni linki.

Jumatatu, 10 Machi

Mpwa alikasirika kuhusu wagonjwa, kisha akacheka, kisha akakasirika tena. Basi akanifundisha njia moja ya haki, ya watu waungwana. Unatafuta kwenye tovuti ya mtu linki iliyokufa, ambayo ukiibonyeza hufiki popote. Unamwandikia mwenye tovuti kwa adabu, unamjulisha. Ukiwa na kitu cha kufaa kuziba pengo, unamwonyesha. Yeye ndiye anayeamua. Umemsaidia, naye huenda akakusaidia. Nikasema hii ndiyo dini sasa!

Tukaingia kwenye tovuti ya Mwalimu Pindo. Ni mwalimu mstaafu wa ushonaji, bibi mkali kama wembe mpya, na tovuti yake ya mawaidha inasomwa na kila mshonaji anayejua kusoma. Kwenye ukurasa wake wa matengenezo kuna linki saba. Nikabonyeza moja moja. Ya tano imekufa!

Mpwa alikuwa ameinuka kwenda kuchukua maji. Nikaangalia linki hiyo ilikuwa ya nani.

Ya Bobini. Anwani yake ya zamani. Amehama anwani na bibi hana habari.

Hapa, daftari, sitakuficha. Anwani mpya ya Bobini naijua. Imebandikwa kwenye lile sanduku la nyuma la pikipiki yake, naipita kila siku. Mtu mwenye haki angeandika: Mwalimu, kijana huyu amehama, yuko hapa. Nilikaa na jambo hilo muda wa mpwa kujaza glasi. Kisha nikaandika: "Mwalimu, fundi huyu hapatikani tena. Ninao ukurasa unaofanana na wake." Sikusema uwongo. Nilibonyeza, hakupatikana.

Mpwa alirudi akaniuliza linki ile ilikuwa ya nani. Nikasema ya fundi mmoja.

Jumanne, 11 Machi

Mwalimu Pindo amejibu! Barua yangu ameirudisha na masahihisho kwa rangi nyekundu. Koma mbili nimeweka pasipotakiwa. Kuhusu ukurasa wangu kaandika: "Kichwa cha habari kinasema saba. Nimehesabu sita. Rudia." Chini kauliza yule kijana aliyekuwa kwenye linki ya tano amepatwa na nini, maana alikuwa na adabu, na anamwombea.

Nimejibu kwamba sina habari zake. Kisha nimetubu. Kisha nimeona barua imeshakwenda.

Lakini sikia! Jioni mpwa katafuta tena, niko ukurasa wa tatu! Nimeruka kurasa tatu kwa wiki moja. Mpwa akakagua linki zangu zote. Ya kanisa kaipa uzito wa unyoya. Akasema kuna moja tu iliyonibeba, nzuri mno, ya siku nyingi, inayoelekeza kwangu kwa maneno ya heshima, na mashine imeanza kuijali baada ya mimi kuandika zile sauti. Mjomba, unajua imetoka kwa...

Nikamkatiza. Usiniambie! Naijua. Ni Mwalimu Pindo, bibi mkali lakini ana moyo. Mpwa kafungua mdomo. Nikamwambia mambo mema ya mtu hayatangazwi. Nikaondoka naimba.

Jumatano, 12 Machi

Bobini kaja dukani. Machozi mashavuni, machungwa kwenye mfuko. Kanikuta kwenye orodha ya wagonjwa ya kanisa. Shikamoo Mzee, Mzee umepungua, Mzee mbona uko kazini! Akaninyang'anya bisibisi akanikalisha. Nikakohoa. Ningefanya nini?

Halafu kaongeza la kuniua kabisa. Mwalimu Pindo kampigia simu, kafurahi kumkuta hai, na kashaweka anwani yake mpya. Kamwambia aliyegundua linki imekufa ni mimi. Bobini akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Asante Mzee. Mwingine angenyamaza.

Asante! Daftari, nimetukanwa mara nyingi na nimestahimili. Kushukuriwa namna hii sijawahi. Nilitafuta kejeli usoni mwake nikakosa. Ana uso ule ule wa chini ya meza.

Kabla ya kuondoka kaisikiliza mashine iliyokuwa mezani, kafumba macho, kasema hii inabana pumzi, Mzee. Sauti yangu ya saba! Mdomoni mwake, bila haya, dukani kwangu!

Machungwa ni matamu. Hilo nalo linaniudhi.

Alhamisi, 13 Machi

Kesho mama wa miwani anachagua. Bobini bado wa kwanza. Mimi ukurasa wa tatu, na yeye alisema atasoma watatu, si kurasa tatu.

Nimempigia mpwa aweke tangazo. Kakataa. Kasema tovuti yangu si ukuta wa choo. Lakini neno la siri ninalo, niliandika nyuma ya kalenda. Nimeingia mwenyewe. Saa mbili na dakika arobaini nimepambana, na limekaa. Juu kabisa, herufi nyekundu, kubwa kuliko jina langu: "JIHADHARI NA MADAKTARI WA CHEREHANI WALIOJIFUNZA NUSU. WENGINE TULIWAFUNDISHA SISI NA TUNAWAJUA." Jina sikutaja. Mwenye dhamiri atajijua.

Leo ilikuwa Alhamisi yangu ya chuo. Nimekwenda. Wasichana wameimba kidogo kuniaga, wakasema si kuniaga. Nimetilia mafuta mashine zote arobaini, na zile zisizohitaji.

Nimesali. Nimemwambia Mungu nimefanya sehemu yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Kaniita saa nne. Safari hii kiti kanipa. Nikajua mambo ni mabaya.

Kwanza kauliza afya yangu, amesikia naombewa. Nikasema nimepona. Kisha kaigeuza kompyuta yake nione. Alitafuta asubuhi, kasema, akampata Bobini wa kwanza, akasoma ukurasa wake. Kwa mara ya kwanza nikauona. Sikuubonyeza mimi, hesabu hiyo si yangu. "Sauti Saba za Cherehani." Saba zote. Ya saba imeelezwa mpaka na kidole unakiweka wapi. Na juu yake, kabla ya neno lolote, imeandikwa tangu miaka mitatu iliyopita: "Haya yote nimefundishwa na mzee wangu. Mimi ni mdomo tu, sikio ni lake. Ukiweza, nenda kwake mwenyewe." Maneno "kwake mwenyewe" yalikuwa linki.

Mama akasema alivutiwa sana. Akajiambia kama huyu ni mwanafunzi, mwalimu yukoje? Akawaza Bobini atengeneze mashine, na mzee apewe darasa, darasa kamili, ubao na chaki, awafundishe wasichana kusikiliza. Akabonyeza linki.

Kisha na mimi akanibonyezea. Zikatokea herufi nyekundu.

Tulizitazama wote wawili. Ni nyekundu kweli. Kompyuta yake ina kioo kikubwa kuliko simu yangu.

Akashuka mpaka zile sauti. Akahesabu kwa kalamu. Sita. Akasema atakayewafundisha wasichana wake hana budi kuwa nazo saba. Bobini anaanza Alhamisi ijayo. Darasa limeahirishwa. Akanishukuru kwa miaka kumi na moja, akasimama. Na mimi nikasimama. Kopo langu lilikuwa stoo ya chuo, nikaenda kulichukua. Msichana mmoja kwenye korido kanisalimia shikamoo, akasita, akamalizia kwa "Mzee".

Jumamosi, 15 Machi

Sikula jana. Mke wangu hakunitania, nikajua naonekana vibaya.

Mpwa kaja asubuhi. Linki ile nzuri iliyonipandisha ilikuwa ya Bobini tangu mwanzo, kasema, na alijaribu kuniambia mara mbili. Akaniomba mambo matatu: nifute herufi nyekundu, niiandike sauti ya saba, nimpigie Bobini. Bobini naye kaleta ujumbe. Mzee, njoo Alhamisi twende wote, kopo nitabeba mimi, wasichana wanamuulizia Mwalimu. Sijajibu. Anataka niende nikamwangalie akiitwa jina langu.

Nimefikiri sana, daftari. Nimesali saa nzima, kwa uaminifu kabisa, niliomba nionyeshwe nilipokosea. Nimeonyeshwa.

Kosa ni ukarimu. Ningemnyima Bobini ile ya saba mwaka wa mkono, asingekuwa na cha kuandika, asingenitaja, yule mama asingefika kwangu, asingeona nyekundu. Kila kitu kilianzia pale nilipotoa. Na wiki iliyopita nikarudia kosa lile lile, nikatoa sita bure kwa dunia nzima! Nani atahangaika kuja dukani kufuata moja iliyobaki?

Herufi nyekundu nimeziacha. Zina ukweli ndani yake. Neno la siri bado liko nyuma ya kalenda, na sasa mkono umezoea, imenichukua dakika kumi tu.

Nimefuta na sauti ya sita.